Wiki moja ya kujenga vyoo pembeni ya msitu wa Rungwe: nyota tatu, na zote tatu ni za fundi

Naanza na hela maana najua ndo mnachotafuta. Tulilipa 195,000 kila kichwa, siku saba, vijana 22 na walezi wawili, mi nikiwa mmojawapo, kwa hiyo piga hesabu, milioni nne laki sita na themanini, na hiyo haijahesabu gari la kututoa Iringa mpaka Tukuyu na kurudi. Hela yenyewe tuliikusanya miezi mitano, vijana wameuza maandazi kila Jumapili baada ya ibada, wameosha magari, wamechangisha kwa wajomba na mashangazi mpaka wajomba wakaacha kupokea simu. Ndo maana nikiandika kwa uchungu mnivumilie.

Jina la waandaaji silitaji. Sitafuti kesi na mtu, na pengine wamejirekebisha toka Aprili. Ila huduma za namna hii zimekuwa nyingi, kila mtu anauza "safari ya kujitolea", kwa hiyo nasema tuliyoyaona ili wewe mlezi wa vijana unayepiga mahesabu sa hivi ujue pa kubana.

Kwanza tangazo. Kwenye tangazo kulikuwa na picha ya darasa zuri, bati la bluu, watoto wanapunga mikono, chini yake "njooni mjenge shule kwenye msitu wa mvua". Tumefika, mwalimu mkuu katupokea vizuri sana, katuzungusha, afu katupeleka nyuma ya shule, tukasimama mbele ya shimo. Shimo. Tulikuwa tunajenga vyoo! Wavulana wangu nyuso zikashuka palepale, mmoja nikamsikia anasema yani mi nimeuza maandazi miezi mitano nije kujenga choo.

Mwalimu mkuu naona kashazoea zile nyuso. Akatueleza taratibu kwamba mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, afu akatuonyesha walichonacho, matundu manne, wanafunzi zaidi ya mia nne. Hajasema kingine. Wasichana wetu ndo waliomaliza mjadala, mmoja akawageukia wavulana akawaambia nyie mnaongea hivyo kwa sababu hamjawahi kukaa nyumbani siku nne kila mwezi kisa shuleni hakuna mlango wa kufunga. Kimya. Toka hapo sikusikia tena habari ya darasa. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa ya maana, pengine kuliko darasa, lakini si mngesema tu? Mtu mzima unaogopa kuandika neno choo kwenye tangazo?

Safari ya kwenda sina ya kusimulia sana. Tumetoka stendi saa kumi na mbili, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole tukakata kushoto njia ya Tukuyu, na ukishafika Isongole kwenye viazi vioo vinaanza kufanya ukungu unajua umeingia nchi nyingine. Tatizo lilikuwa baada ya kuacha lami. Coaster ikapanda kidogo ikagoma, tope jekundu mpaka kwenye rimu, tukashuka tukatembea kama saa nzima na mizigo kichwani huku mvua inatupiga, wakati bodaboda wa kule wanatupita wamefunga cheni kwenye tairi la nyuma, wanacheka. Waandaaji walijua kabisa gari haifiki. Dereva wao mwenyewe alisema "hapa huwa wanashukia". Huwa! Si ungetuambia tubebe mabegi ya mgongoni, kuna binti alikuja na lile sanduku la matairi, masikini, alilibeba kama mtoto.

Hapa sasa ndo nije kwenye majira, maana hili kosa ndo lilizaa mengine yote. Walitupeleka Aprili. Mtu yeyote wa Mbeya anajua Tukuyu Aprili ni nini. Mlima Rungwe upande wa kusini mashariki unapokea mvua mpaka milimita 3,000 kwa mwaka, na Machi na Aprili ndo inamwagika hasa. Haikatiki. Inanyesha, inapungua, unatoa nguo kuanika, inarudi. Ukitaka kujenga kule nenda Agosti mpaka Oktoba, hata mama aliyekuwa anatupikia alitushangaa, nani anajenga masika?

Haya, fundi. Kulikuwa na fundi mkuu mmoja, mzee wa makamo, na vijana wake wawili. Vijana wetu walimwita Tata ndani ya siku moja tu, jinsi watoto wa pale walivyokuwa wanamwita. Hakuwa mwongeaji. Asubuhi unamsalimia "ugonile", anajibu, anaenda kushika kamba yake. Matofali yalikuwa tayari, ya kuchoma, wananchi walishafyatua na kuchoma wenyewe kwa kuni za mikaratusi ya mashambani mwao, maana kule kwenye hifadhi kuni za tanuru huruhusiwi, na mchanga walishasomba. Waandaaji kazi yao ilikuwa sementi, nondo, bati na milango. Hiyo milango ikumbukeni.

Siku ya kwanza kijana wetu mmoja anayejifanya anajua ujenzi akaanza kuloweka matofali kwenye pipa, maana kwetu Iringa ndo tunavyofanya, tofali kavu linanyonya maji ya mota, ule mchanganyiko wa sementi na mchanga, kabla haijashika. Fundi akamwangalia, akasema "Mwanangu, hayo mbona yameshaloweshwa." Akanyoosha kidole juu mbinguni. Tulicheka lakini baadaye ndo nikaelewa alichokuwa anatufundisha, kwa sababu tofali likishiba maji kupita kiasi nalo ni balaa jingine. Halinyonyi kitu. Mota inabaki laini chini yake, tofali linaogelea, ukiweka kozi juu ya kozi, yani safu juu ya safu, uzito unasukuma zile za chini na ukuta unaanza kutoka nje. Kwa hiyo masika fundi anapanda kozi tano, anaacha, anafunika na turubai, anaendelea kesho. Kozi tano tu! Kwa kijana mwenye nguvu za miaka 19 hiyo ni kazi ya mpaka saa nne asubuhi.

Sasa mratibu wa safari, kijana wa waandaaji, yeye ana ratiba. Ratiba inasema Jumatano tuwe kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, Alhamisi bati, Ijumaa picha ya pamoja. Jumanne fundi kaenda na kijana wake kupima nondo za slabu upande wa pili, mratibu akaja kwetu akasema jamani tunachelewa, piga kazi, piga kazi. Na sisi, nakiri, mimi nikiwemo, tukapiga. Mziki umewekwa kwenye simu, wavulana wanapanga, wasichana wanabeba tofali na kuchanganya mota, toroli inaenda na kurudi, mpaka saa kumi tulikuwa na kozi tisa upande mzima wa wavulana na tumepiga picha za kutosha.

Fundi akarudi. Hakusema neno. Akachukua timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia kama ukuta umenyooka, akaiweka juu ya ukuta akaachia kamba. Ile kamba juu imegusa, katikati tofali zimeisukuma nje, chini inaning'inia mbali na ukuta kama vidole viwili hivi. Akaipeleka hatua tatu mbele, hivyohivyo. Akatuita wote tuje tuangalie, mmoja mmoja, kama tunaaga maiti. Afu akasema "Huu una kitambi."

Mratibu akaanza kuongea habari za lipu, kwamba lipu itaficha. Fundi akamjibu kwa upole kabisa, mi maneno yale nimeyashika mpaka leo: "Baba, mimi nabaki hapa. Watoto wataingia humu." Akatugeukia sisi, "Bomoeni sasa hivi mota ikiwa mbichi, tofali tutazipata zote. Kesho tutazivunja." Tukabomoa. Kwenye mvua, tofali moja moja, unakwangua mota na mwiko, unaipanga pembeni, mwingine anaikusanya ile mota kwenye karai inatupwa kwa sababu imeshakufa. Mifuko mitatu ya sementi ikaenda bure. Kuna mvulana alilia, alijificha nyuma ya turubai nikajifanya sijamwona.

Tulibomoa mpaka kozi ya tatu. Toka siku ile fundi ndo akawa mwenye safari, mratibu akawa anatuletea maji ya kunywa, na kazi ikawa nzuri ajabu. Fundi akatugawa, huyu ana mkono mzuri akae kwenye kona na kamba, hawa wanne mota tu, hawa tofali, na yule aliyelia akampa pima maji akamwambia usiiachie hata ukienda kula. Kijana alilala nayo ile pima maji. Mpaka tunaondoka tulikuwa kwenye lenta, basi. Bati hatukuligusa, mbali na kulibeba.

Na kulibeba kwenyewe. Bati geji 28 ziliachwa na fuso kulekule kwenye lami, tukazifuata kwa miguu, wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Bati jipya likilowa linateleza na likipigwa na upepo linataka kuruka na wewe, na pembe zake ni kisu. Tulikuwa na jozi mbili za glavu. Mbili! Watu 24. Kwenye orodha ya huduma imeandikwa "vifaa vya kazi na usalama". Tukavaa soksi mikononi, soksi zenyewe zimelowa. Kwenye sementi ndo ilikuwa mbaya zaidi, wale wa mota siku ya tatu vidole vimechubuka na vinawaka kama umeshika pilipili, mama mpishi ndo akawapaka mafuta ya kupikia na kuwaambia wanawe mikono kwa maji mengi kila wakiacha kazi, maana sementi mbichi inakula ngozi. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na panadol, pamba, na plasta zilizopauka. Kijana mmoja alikanyaga msumari, tukampakia kwenye bodaboda na mlezi mwenzangu mpaka Tukuyu mjini akachomwa sindano ya pepopunda, gharama juu yetu, mpaka leo tunadai risiti irudishwe.

Kwa hilo tu napunguza nyota moja nzima na sirudishi.

Chakula naomba nikisifie. Waandaaji walimwajiri mama wa palepale kijijini, na hapo walipatia. Asubuhi chai ya maziwa, maziwa ya kweli yale yanayoacha utando juu ya kikombe, na ndizi za kuchemsha au viazi. Mchana wali maharage. Jioni mbalaga, ndizi zimepikwa na nyama mpaka supu imekuwa nzito, na parachichi kila mlo, parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto, mnakula mpaka mnaanza kuzipiga danadana. Kijana wangu mmoja ambaye nyumbani kwao hali ndizi kabisa aliongeza mara tatu. Mama alikuwa anatukataza kuondoka jikoni bila kuota moto, nguo zetu zote zilikaukia juu ya mafiga yake, tulirudi Iringa tunanuka moshi. Siku ya kuaga tulimwambia "ndaga fijo" kwa pamoja kama tulivyofundishwa, akacheka matamshi yetu mpaka akakaa chini.

Malazi madarasani, magodoro chini, sawa, hilo walisema. Hawakusema baridi. Beba blanketi mbili na soksi za kulalia. Na usiku wa nne wakaingia siafu chumba cha wasichana, saa nane ya usiku kelele, tunakimbia na tochi, siafu wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye begi lenye karanga. Mlinzi wa shule hakushtuka hata, akaja na jivu la moto akalimwaga kwenye njia yao, akasema wanapita tu, wana safari zao. Wakapita. Ikabidi wasichana wahamie kwetu na sisi tuhamie ofisini. Sio kosa la mtu, ni msitu, ila karanga msilale nazo.

Siku ya msituni ilikuwa Alhamisi. Kwenye tangazo kulikuwa na picha ya Ziwa Ngosi pia, tukauliza lini Ngosi, tukaambiwa hiyo ni "nyongeza", elfu thelathini kila mtu. Tukaacha. Tukaenda na mhifadhi kuingia hifadhi ya Mlima Rungwe na huyo mhifadhi jamani, huyo ndo angetuuzia safari nzima. Ukiacha mashamba ya chai na migomba unavuka kijimto, hatua kumi tu, mwanga unabadilika, kila kitu kina manyoya ya kijani, mti umevaa majani ya mti mwingine, chini unakanyaga laini kama godoro. Mvua imekata lakini ndani bado inadondoka, matone yanachelewa kufika chini. Mlima una mita 2,960 lakini sisi hatukuwa na mpango wa kilele, tulipanda mpaka tulipoanza kuona mianzi.

Akatusimulia habari za kipunji, kima wa misitu ile. Mi nilikuwa nalijua jina juujuu tu. Kumbe wawindaji wa pale walikuwa wanamtaja miaka yote, watafiti wakadhani ni hadithi, mpaka 2003 walipomwona kwenye misitu hii ya Rungwe, 2005 akatangazwa duniani, na 2006 ikaonekana hana kundi anapoingia, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika toka 1923. Kahawia, mkia mrefu, na nywele za kichwani zimesimama. Vijana wakauliza kama kiduku? Mhifadhi akasema kiduku kabisa, na hajalipa kinyozi. Yupo pia kwenye msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, kwa hiyo sisi wa Iringa tukajidai kidogo. Kumwona hatukumwona. Tuliona mbega, kundi zima jeupe na jeusi linaruka juu yetu, na mara moja tukasikia sauti kama mtu anabweka huku kabanwa pua, mhifadhi akainua mkono tukaganda wote, dakika mbili nzima vijana 22 hawajagusa simu. Haikurudi. Akasema labda. Hilo "labda" limetosha, wanalisimulia mpaka leo kama wamemwona.

Na ndo huko juu nikaelewa kitu ambacho mratibu hakuwahi kutuambia wiki nzima, kwamba vile vijito tulivyoruka vinashuka kwenda mto Kiwira na Kiwira inaenda mpaka Ziwa Nyasa, kwa hiyo ukichimba choo hovyo pale mlimani unamnywesha mtu wa Kyela kule chini. Udongo wa volkano ni mwepesi, unapitisha maji na unaporomoka, ndo maana shimo letu fundi alilijengea kwa tofali kuanzia chini na kulichimba mbali na kijito japo mratibu alitaka lisogee karibu na barabara lionekane kwenye picha. Haya mambo ndo ungeyaweka kwenye tangazo, vijana wangekuja wanajua wanachofanya.

Kwa anayetaka kwenda, na mi simkatazi mtu: kabla ya kulipa omba namba ya fundi, sio ya mratibu. Mpigie fundi muulize vifaa vimefika au bado, anataka watu wangapi na mwezi gani. Sisi watu 24 tulikuwa wengi, fundi alisema kumi na wawili wangemtosha, wengine tulikuwa tunapishana kwenye mota kama kuku. Uliza glavu ni jozi ngapi, wataje idadi. Uliza nani analipa mtu akiumia. Na wakikwambia mtajenga, waulize mtajenga au mtamsaidia fundi, maana sisi tulikuwa saidia fundi tu na hakuna ubaya, kazi ya saidia fundi ina heshima yake, ila bei ya tangazo ilikuwa ya mafundi.

Mwezi wa saba fundi alinitumia picha. Bati limepanda, lipu imepigwa, ndani kunang'aa. Upande wa wasichana milango ipo. Upande wa wavulana bado wamening'iniza magunia, waandaaji kila wakipigiwa wanasema wiki ijayo. Tumechanga wenyewe kidogo, mbao za msindano tumepata Mafinga, milango mitatu iko kwa seremala na mimi ndo nitaipeleka, safari hii kwa basi na kwa mguu, kiangazi. Chini ya picha fundi aliweka ujumbe wa sauti, sekunde sita tu, nyuma unasikia mvua: "Mwalimu, ukuta wenu ule wa pili nimeupima tena. Hauna kitambi."